Kabla ya Kumpima Mzee, Yapimeni Maneno



Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Katika zama hizi limezuka jambo linaloelekea kuipindua methali hiyo: maneno yanaharibika mbele ya wazee wenyewe, na wazee hawana hatia. Twazungumzia hojaji, yaani zile karatasi za maswali ambazo watafiti wa afya huwapelekea wakongwe ili kujua ni kwa kadiri gani wanaishughulisha miili yao: wanakwenda umbali gani kwa miguu, wanabeba nini, wanalima kwa muda gani, wanakaa kitako saa ngapi. Majibu hujumlishwa, hugeuzwa tarakimu, na tarakimu hizo hupanda ngazi hadi wizarani na kwenye mashirika ya dunia. Huko ndiko huamuliwa ni nani mwenye afya na ni nani mlegevu, ni kundi gani lihudumiwe kwanza na ni lipi lisubiri.

Rai yetu twaitoa mapema ili pasiwe na shaka. Hojaji ya namna hii ni maandishi ya lugha kabla haijawa chombo cha sayansi. Makosa mengi yanayotupiwa kumbukumbu za wazee ni makosa ya sentensi walizoulizwa. Na sisi walimu wa Kiswahili, ambao ndio wenye kazi ya kuyachuja maneno, tumekaa pembeni kana kwamba shauri hili ni la madaktari peke yao. Kimya hicho hakifai tena.

Vyombo hivi vilitoka wapi

Haki yataka tuanze kwa kueleza asili. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha nchini Uingereza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliwalinganisha madereva, waliokuwa wakikaa kitako kutwa, na makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Wakaona kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Uchunguzi huo haukuhitaji maswali mengi, kwani jina la kazi lilitosha kueleza mwendo wa mwili.

Lakini si kila mtu ni dereva au kondakta. Ikabidi watu waulizwe. Huko Marekani, Ralph Paffenbarger na wenzake waliwauliza watu waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard walipanda ngazi ngapi kwa siku na walikwenda kwa miguu vitalu vingapi vya mji. Swali hilo lilikuwa jema kwa waliolengwa, maana katika mji uliokatwa kwa barabara zilizonyooka kitalu ni kipimo kijulikanacho. Lakini ni nani miongoni mwetu atakayemwuliza bibi wa Kasese amevuka vitalu vingapi kwenda kuteka maji?

Mwaka 1993 ikatolewa huko Marekani hojaji iliyotungwa kwa ajili ya watu wa miaka 65 na zaidi, ijulikanayo kwa herufi PASE. Humo mzee huulizwa kama amecheza gofu kwa kutumia kigari au bila ya kigari, kama ameteleza juu ya barafu, kama ameondoa theluji au majani makavu uani, kama amebandika karatasi za ukutani. Hatuwacheki waliotunga maswali hayo. Kinyume chake, twawasifu: waliwatazama wazee wa kwao na wakauliza yale ambayo wazee wa kwao huyafanya. Waliuliza hata juu ya kumtunza mgonjwa au mtoto, jambo ambalo wengi hulisahau. Tunaowalaumu ni wale wachukuao kazi kama hiyo, wakaibadilishia maneno tu, wakaipeleka kijijini wakidhani wamefanya kama walivyofanya wenzao.

Baadaye zikaja hojaji zilizokusudiwa kuzunguka dunia nzima. Ya kwanza ni IPAQ, iliyoanza kushughulikiwa Geneva mwaka 1998, ikajaribiwa katika nchi 12, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Ya pili ni GPAQ ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 16 juu ya kazi, safari, burudani na kukaa kitako. Hii ya pili ndiyo iliyotumika katika nchi zetu ndani ya uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza: Tanzania mwaka 2012, Uganda mwaka 2014, Kenya mwaka 2015.

Sasa tazameni ajabu ya kwanza. IPAQ ilitungwa kwa watu wa miaka 15 hadi 69. Uchunguzi wa Tanzania uliishia kwa watu wa miaka 64. Wa Uganda na wa Kenya uliishia 69. Mtu akifika miaka 70 alitoka nje ya hesabu, kana kwamba mwili wake umekwisha kazi. Kisha hojaji hizo hizo, ambazo hazikutungwa kwa ajili yake, huchukuliwa na mtafiti mwingine akampelekea yeye. Hivyo mzee ama haulizwi kabisa, ama huulizwa kwa maswali ya mjukuu wake.

Maneno manne yanayopotosha

Tuingie sasa katika uwanja wetu wenyewe. Tutachukua maneno manne mepesi, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyajua, tuone yanavyoweza kumkosesha mtafiti mwenye shahada tatu.

Neno la kwanza ni kazi. Waliotunga GPAQ walitahadhari: walieleza kwamba kazi ni mambo yote ambayo mtu hana budi kuyafanya, yenye ujira na yasiyo na ujira, pamoja na shughuli za nyumbani na za kuvuna. Maelezo hayo ni mazuri, lakini husomwa mara moja mwanzoni, na baada ya hapo neno kazi huachwa peke yake likajitetea. Nalo katika masikio ya mzee lina maana yake iliyozoeleka, nayo ni ajira. Mwulizeni mzee aliyestaafu kama anafanya kazi, atajibu, "Sina kazi siku hizi, nimekaa tu." Mzee huyo huyo alfajiri amefungulia mbuzi, amekata majani, amechanja kuni, na mchana amepanda mnazi au amepalilia mihogo. Bibi naye atasema hafanyi kazi, ilhali mjukuu yuko mgongoni, mtungi uko kichwani, na mchi unamngoja penye kinu. Hawasemi uwongo. Wanajibu swali walilolisikia.

Neno la pili ni kukaa. Watafiti wanataka kujua mzee hukaa kitako kwa muda gani kwa siku, kwa kuwa kukaa kupita kiasi kunadhuru. Lakini kwa Kiswahili kukaa ni pia kuishi mahali. Mwulizeni, "Unakaa kwa muda gani?" na mwenye adabu atawaeleza kwamba amekaa hapo tangu alipooa. Na yule aliyesema "nimekaa tu" alikuwa akieleza kwamba hana mshahara, wala hakuwa akieleza mkao wa mwili wake. Mdadisi asiyejua lugha huandika kwamba mzee huyu hukaa kutwa kucha. Wako watakaosema, basi tutumie kuketi. Nako kuketi huko pwani hutumika vilevile kwa maana ya kuishi mahali. Dawa ipo, nayo ni ya zamani: semeni kukaa kitako. Tena swali hilo hutaka kuhesabu pia kujinyoosha, bila ya kuhesabu usingizi. Na hapo tuna neno kulala, ambalo ni kujinyoosha, ni kusinzia, na ni kumaliza usiku mahali, yote kwa pamoja. Asiyelipambanua atahesabu usiku wa mzee kuwa ni uvivu wake.

Neno la tatu ni kutembea. Hili ndilo huhesabiwa kuwa tafsiri nyepesi kuliko zote, na ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu kwenda kwa miguu ndiyo shughuli kubwa ya mwili wa mkongwe popote duniani. Kwa Kiswahili kutembea ni kuzunguka kwa kujifurahisha, au ni kwenda kuwaona watu: "Karibuni, mmekuja kututembelea." Mwenye haja hatembei, anakwenda. Anakwenda mtoni, anakwenda sokoni, anakwenda msikitini au kanisani, anakwenda mazishini. Ukimwuliza bibi mwenye heshima zake, "Kwa wiki unatembea siku ngapi?" huenda akaona kwamba unamsingizia uzururaji. Atajibu, "Mimi si mtu wa kutembea," na atakuwa amesema kweli, huku karatasi ikiandika sifuri kwa mtu ambaye kila siku huenda kwa miguu mwendo wa saa nzima. Swali lake sahihi ni: huenda wapi kwa miguu, na kutoka nyumbani hadi huko ni mbali kiasi gani?

Neno la nne ni mazoezi. Kwa wazee wengi mazoezi ni mambo ya shule, ya askari na ya wachezaji mpira. Mzee atacheka ukimwuliza juu yake. Lakini chukueni mfano wa mzee Mwislamu asaliye sala tano. Kwa siku moja ana rakaa 17 za faradhi, na katika kila rakaa kuna rukuu moja na sijida mbili. Ni sijida 34 kila siku, kushuka mpaka chini na kuinuka, mbali ya sunna. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye, kwa siku tatu au zaidi kila wiki, shughuli za kuimarisha nguvu na usawazifu wa mwili. Tusizidishe tukasema kwamba sala ni kitu kile kile. Sala ni ibada. Twasema tu kwamba magoti ya mzee huyo yanashuka na kupanda, na hakuna swali lenye neno mazoezi litakaloyafikia.

Kipimo cha ugumu na kipimo cha muda

Hojaji nyingi hugawa shughuli katika mafungu: kali na za wastani, na pengine nyepesi. Wafasiri huandika "shughuli za kiasi". Lakini kiasi ni kadiri yoyote ile, mtu huuliza "kiasi gani?" akitaka bei ya nyanya. Mzee akisikia "kazi za kiasi" hufahamu kazi kidogo, au kazi za hapa na pale. Ni bora kueleza kwa alama za mwili zinazojulikana na kila mtu: shughuli ya wastani ni ile ambayo ukiifanya waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, shughuli kali ni ile ambayo ukisema maneno machache tu huna budi kunyamaza uvute pumzi. Maelezo hayo yamekubaliwa na wataalamu wa afya wenyewe, na katika Kiswahili yanasimama vizuri kuliko wastani na kiasi.

Hata hivyo kuna tatizo la ndani zaidi, ambalo tafsiri njema peke yake hailitibu. Watafiti huhesabu ugumu kwa kipimo kiitwacho meti. Meti 1 ni nguvu itumiwayo na mtu aliyetulia kitako. Katika GPAQ shughuli ya wastani huhesabiwa meti 4 na shughuli kali meti 8. Haya, tuchukue mfano wa hesabu. Kijana ambaye ukomo wa uwezo wake ni meti 10 akifanya kazi ya meti 3, kama vile kufagia, ametumia chini ya theluthi ya uwezo wake, haoni kitu. Mzee ambaye ukomo wake ni meti 5 akifanya kazi ile ile ametumia sehemu tatu katika tano. Atahema, na akiulizwa atasema kwa unyofu kwamba kazi ilikuwa kali. Karatasi itamwandikia meti 8 kwa kazi ya meti 3. Hivyo mzee mmoja huyo huyo hupunjwa kwa yale yasiyoitwa kazi na kuzidishiwa kwa yale aliyoyaona magumu. Makosa ya namna hii hayawezi kurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza tarakimu, kwa kuwa hayaendi upande mmoja.

Na muda je? Kwa miaka mingi zilihesabiwa tu shughuli zilizodumu dakika 10 au zaidi bila ya kukatika. Sharti hilo lilimfaa mtu aendaye kukimbia asubuhi kisha akakaa ofisini. Mkongwe haendi hivyo. Yeye huamka, akafagia kidogo, akapumzika. Akaenda bandani, akarudi. Akachuma mboga, akakaa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mwongozo wa mwaka 2020 umeliondoa sharti la dakika 10 na kukiri kwamba kila kidogo kina faida. Hekima hiyo ilikuwamo katika methali kabla ya kuingia katika mwongozo, na wanaoendelea kutumia hojaji zenye sharti la zamani wanakiacha kibaba cha mzee kikimwagika.

Tena mzee huulizwa dakika. Wengi miongoni mwa wakongwe wetu hawaigawi siku kwa dakika. Huigawa kwa alfajiri, kwa jua la asubuhi, kwa adhuhuri, kwa alasiri, kwa kuchwa kwa jua, kwa adhana au kengele, kwa watoto kwenda shule na kurudi. Ukimlazimisha kutaja dakika atakupa tarakimu ya adabu, nusu saa au saa moja, ili mazungumzo yaishe. Na ukimwuliza juu ya "wiki ya kawaida", wiki gani hiyo? Ya masika, wakati jembe halitui? Ya kiangazi? Ya Ramadhani? Mkulima hana wiki ya kawaida, ana misimu.

Mdadisi na heshima

Kuna jambo ambalo halimo katika karatasi lakini limo katika kila jibu. Kijana afikapo kwa mtu wa umri wa babu yake, akaanza kwa kusoma, "Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifanya...", bila ya shikamoo, bila ya kuulizana hali, bila ya kungoja akaribishwe, amekwisha kuvunja mazungumzo. Mzee atajibu, maana ni mwungwana, lakini atajibu ya kumwondoa mgeni. Yuko atakayetaka aonekane bado ana nguvu, akaongeza. Yuko atakayedhani kwamba walioandikwa dhaifu watapewa msaada, akapunguza. Tusiwaite waongo. Swali lisiloeleza limetumwa na nani na litafanya nini hupata jibu linalojilinda.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wake. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Na mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini baina ya miaka hiyo wapo wazee waliokisikia Kiswahili zaidi katika vinywa vya askari kuliko vya walimu. Mzee wa namna hiyo akiulizwa kwa Kiswahili rasmi na mgeni mwenye karatasi, huchunga ulimi. Na wapo waliojifunza Kiswahili sokoni, mpakani au kambini, ambao kwao neno kitako, adhuhuri au wastani si la kila siku. Kwa hiyo Kiswahili cha hojaji hakiwezi kuwa kimoja kwa Mombasa, Kampala, Bukavu na Bujumbura. Asemaye kwamba tafsiri moja yatosha kwa sababu "sote twasema Kiswahili" hajawahi kukaa na wazee wa sehemu hizo akawasikiliza.

Tunajibu wapinzani

Wapo wasemao kwamba tafsiri hukaguliwa: maneno hufasiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine huyarudisha katika Kiingereza, na yakilingana mambo yametimia. Njia hiyo ina faida yake, hatuikatai. Lakini fikirini: anayerudisha ni msomi ajuaye Kiingereza. Akiona kutembea ataandika neno la Kiingereza la kwenda kwa miguu, kwa kuwa shuleni alifundishwa hivyo. Karatasi mbili zitalingana kama mapacha, na bibi hataulizwa. Walichokagua ni makubaliano ya wasomi wawili, ilhali kilichotakiwa ni ufahamu wa mkongwe mmoja.

Wapo wasemao kwamba hojaji zimethibitishwa. Na tuangalie zimethibitishwa nini. Uchunguzi wa IPAQ uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mtu akiulizwa mara mbili majibu yake hukaribiana sana, kwa uwiano wa takriban 0.8, pale ambapo 1 ni kulingana kabisa. Lakini majibu hayo yalipolinganishwa na chombo kilichofungwa mwilini uwiano ulikuwa wa takriban 0.3 tu. Mizani ya dukani iliyopinda hutoa uzito ule ule leo na kesho. Je, ndiyo mizani ya haki? Mwaka 2008 wachunguzi walikusanya tafiti nyingi za namna hii juu ya watu wazima, wakaona uwiano baina ya maneno ya watu na vipimo vya vyombo ukitofautiana kutoka -0.71 hadi 0.96. Chombo chenye kuyumba hivyo hakistahili kuogopwa kama msahafu.

Wapo wengine, nao huja kwa kishindo, wasemao: tupeni karatasi, tuwafunge wazee vyombo. Ni kweli kwamba kile kiitwacho akselerometa, kinachohisi mtikisiko wa mwili, kimefichua mengi. Huko Marekani, katika vipimo vya miaka 2003 na 2004, chombo hicho kilionyesha kwamba watu wazima waliotimiza kadiri ya shughuli iliyopendekezwa hawakufika asilimia 5, idadi iliyo chini mno ya wale waliosema kwa vinywa vyao kwamba wameitimiza. Lakini chombo kilichofungwa kiunoni hakijui kwamba kichwani pana ndoo ya maji. Hakihisi vizuri mikono inayotwanga hali kiuno kimetulia, wala miguu inayoendesha baiskeli. Hakijui kama mzee alitoka kwa furaha au kwa kukosa mtu wa kumtuma. Na bei yake hairuhusu kila kituo cha afya cha wilaya kukinunua. Swali litaendelea kuwapo, maana ndilo pekee linaloweza kueleza ni shughuli gani, kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Kwa hiyo chombo na swali ni vya kutumika pamoja, kila kimoja kikimsahihisha mwenziwe.

Mwisho wapo wenzetu walimu wasemao, "Sisi hatukusomea utabibu." Ndivyo. Hatusemi kwamba tupime shinikizo la damu. Twasema kwamba sentensi ni mali yetu. Mhandisi hachimbi msingi bila ya kumwita ajuaye udongo.

Tunayoyadai

Kwanza, hojaji yoyote ya Kiswahili itakayoulizwa kwa wazee isomwe kwanza kwa wazee wenyewe, nao waombwe waieleze upya kwa maneno yao: "Umesikia nini katika swali hili?" Ambapo maelezo yatapingana na kusudi, swali livunjwe liandikwe tena. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, lahitaji subira.

Pili, swali lianze na shughuli, ugumu ufuate. Iandikwe orodha ya shughuli za mahali: kupalilia, kupura, kutwanga, kuteka maji, kuchanja kuni, kufua, kuchunga, kubeba mjukuu, kwenda ibadani kwa miguu. Mzee akisikia kupura hakosi kukumbuka. Akisikia "shughuli za wastani" hana cha kushika.

Tatu, muda uulizwe kwa alama za siku za mahali pale, kisha mdadisi mwenyewe augeuze kuwa dakika. Na wiki ya masika iulizwe mbali na ya kiangazi.

Nne, wadadisi wafunzwe adabu ya kuingia na kutoka katika nyumba ya mkongwe, na wafunzwe na mtu anayeijua.

Tano, ripoti ichapishe maswali yenyewe kwa Kiswahili kama yalivyoulizwa. Leo hii aghalabu twasoma tarakimu bila ya kuonyeshwa sentensi iliyozizaa. Tarakimu isiyo na swali lake ni mtoto asiye na wazazi.

Na kwenu walimu wenzetu, lipo ambalo mwaweza kulianza muhula huu bila ya ruhusa ya mtu. Wapeni wanafunzi wa madarasa ya juu zoezi la kwenda kwa babu na bibi zao na maneno haya manne: kazi, kukaa, kutembea, mazoezi. Waandike mzee alivyolijibu swali la kitabuni, kisha alivyolijibu swali lililoulizwa kwa Kiswahili cha nyumbani. Walete tofauti darasani. Watajifunza semantiki kwa siku moja kuliko kwa sura nzima ya kitabu, na chama chetu kitapata hazina ya ushahidi wa kuwapelekea watafiti, badala ya kuwapelekea malalamiko matupu.

Mzee aliyeandikwa mlegevu hali analima atapewa nasaha asiyoihitaji. Aliyeandikwa hodari hali hawezi tena kuinuka kitini bila ya kushikwa hatapewa msaada anaouhitaji. Baina ya hao wawili limesimama neno moja lililofasiriwa kwa haraka. Kulisahihisha neno hilo ni kazi ya mwalimu wa lugha, na hatuna udhuru wa kuiacha.